Vifungo Viwili Kati ya Kibondo na Kasulu

Mimi fizikia sikuisoma, na sijawahi kuidai chochote. Nimezaliwa Ujiji, nimeolewa Kibondo, nauza kanga na vitenge karibu na soko, na umri wote huu nimeishi vizuri bila kujua kitu kinaanguka kwa kasi gani. Kikianguka nakiokota, yameisha. Kwa hiyo mkinisikia leo nataja jouli na niutoni kama mtu aliyelishwa chaki, mjue nimeambukizwa. Aliyeniambukiza ni Divine Nizigiyimana, Mama Ange, fundi cherehani wa barazani kwangu.

Divine ni mrefu, mwembamba, na kicheko chake huanza kabla ya kichekesho. Wazazi wake walitoka Burundi yeye hajazaliwa. Kazaliwa huku, kasoma huku, ana uraia wake, na ukimwita mgeni atakuuliza wewe wa Ujiji ulifika lini Kibondo. Mumewe, Pasikali, analima Busunzu na kuleta ndizi sokoni kwa baiskeli. Miaka yote hiyo mimi na Divine tulikaa barazani, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye kiti changu, tunasema watu. Kama kuna raha kubwa kuliko hiyo hapa duniani, mimi sijaonyeshwa.

Raha hiyo ilivurugwa na sista mmoja wa zahanati ya parokia, aliyekuja kushonesha makoti meupe. Akiwa anapimwa mabega akalalamika kwamba zahanati yao imepewa darubini nzuri ya kupimia damu na hakuna mtu wa kuitazamia. Wanatafuta mtu wa hapahapa, wamsomeshe maabara katika chuo cha afya kule Kasulu, kisha arudi awafanyie kazi. Divine akaacha tepu ikining'inia kwenye bega la sista wa watu. Akasema, "Sista, mimi nina kidato cha nne. Baiolojia nina C. Kemia nina C."

"Na fizikia?"

Divine akaangalia chini. Fizikia alikuwa na F, tena F iliyonona. Chuo kinataka D au zaidi. Sista akawaza, akasema, "Rudia fizikia Novemba hii, somo hilo moja tu. Ukipata D nafasi ni yako. Usipoipata, mama, nitampa mwingine, maana wagonjwa hawawezi kungoja mwaka mwingine."

Sista alipoondoka nilidhani Divine atacheka, maana yeye hucheka. Hakucheka. Alinikumbusha mwanawe Ange alipokuwa mdogo, alivyoshikwa na homa akatibiwa malaria wiki nzima, kumbe haikuwa malaria, na hapakuwa na mtu wa kupima tone moja la damu. Mtoto alipona, sifa kwa Mungu. Lakini mama mtu hakupona. Akaniambia, "Mama Shadia, mimi hiyo darubini naitaka." Nikaudhika, maana sipendi kuona mtu ninayempenda anakitaka kitu kiasi hicho.

Basi akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni akawa anakwenda kwa Mwalimu Melkiadi, anayefundisha watu wazima kwenye darasa la kanisa. Mwalimu ni mtu wa Kasulu, shati limechomekwa mwaka mzima, na chaki imemwingia mpaka kwenye nyusi. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, ila yeye huanza na Kiswahili. Anasema swali ukilielewa kwa lugha unayonunulia nyanya, Kiingereza kitakuja chenyewe.

Mimi nilitegemea Divine atateseka. Alinishangaza: akapagawa kwa furaha! Somo lililompa F akiwa msichana sasa lilimpanda kichwani kama pombe ya ndizi. Asubuhi akifika, kabla hajafunua cherehani, anataka kunieleza. Kasi ni umbali gawa kwa muda. Alipima kitambaa kinavyopita chini ya sindano akanitajia kasi ya pindo la gauni la mke wa mchungaji. Wateja wakitembea barazani aliwahesabia hatua. Alinipa ndoo ya lita ishirini niitwishe kichwani, mimi mwenye duka, ili tu atangaze kwamba nimeinyanyua mita moja na nusu na nimefanya kazi ya jouli mia tatu. Nilimwambia jouli zake azile, shingo imeniuma.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe, Bibi Niyonsaba, aliyehamia kwao kulea watoto ili yeye asome. Jioni moja Divine akamweleza bibi kwa heshima zote kwamba, kwa mujibu wa fizikia, mtu akisimama tu na mtoto mgongoni, hata kutwa nzima, mtoto yule hajapanda wala hajashuka, basi kazi iliyofanyika ni sifuri. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akambebesha yule mdogo mgongoni tangu asubuhi, akamwambia asiketi, kisha yeye akajilaza kwenye mkeka. Divine alifika barazani mgongo umepinda, anacheka hadi machozi, anasema bibi amemfanyia jaribio.

Sasa nije kwenye lile swali lililotaka kutukosesha chuo.

Mwezi wa Agosti Mwalimu Melkiadi aliwapa jaribio. Swali lilikuwa hivi: Kibondo mpaka Kasulu tuseme ni kilomita mia moja. Bazilio anaondoka Kibondo saa moja asubuhi kwa baiskeli, kilomita kumi na tano kwa saa. Saa hiyohiyo Hilali anaondoka Kasulu kuja Kibondo kwa njia hiyohiyo, kilomita kumi kwa saa. Watakutana saa ngapi, na kila mmoja atafika mwisho wa safari saa ngapi? Divine akaandika kwamba watakutana saa tano. Sawa kabisa. Kisha akaandika kwamba Bazilio atafika Kasulu saa nane na dakika kumi, na Hilali atafika Kibondo saa kumi na moja na nusu. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu. Wote wawili amewachelewesha nusu saa.

Divine akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo nusu saa ni ya salamu."

"Salamu gani?"

"Si wamekutana? Hapo saa tano, njiani. Hilali ateremke kwenye baiskeli, Bazilio ateremke, waulizane za nyumbani. Nusu saa nimewabania, Mwalimu, maana mmoja anatoka Kasulu na ana habari."

"Nani kasema wamesalimiana?"

"Nani kasema hawakusalimiana?"

Darasa zima likawa upande wake. Wenyeji mnaelewa. Muha, mwenyeji wa huku, hapiti mtu njiani kama anapita kisiki. Anasimama, anapiga makofi taratibu, anauliza wewe, mkeo, wazazi wako, shamba lako, na mbuzi kama unaye. Na Warundi wetu ni ndugu zao kwa hilo, kama hawajawazidi. Sisi wa Ujiji tunawatania kwamba Muha akitumwa chumvi wakati wa chakula cha mchana, chumvi inafika wakati wa chakula cha usiku. Mwalimu alisema kwenye fizikia watu hawasalimiani. Divine akajibu kwamba basi hao watu wana ugomvi, na swali lilitakiwa liseme.

Mnaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini haikuwa mara moja. Kila swali lenye watu wawili Divine aliwasimamisha. Aliyebeba mzigo mlimani alipumzishwa. Dereva aliyepita kijijini alipunguziwa mwendo kwa sababu ya watoto. Hesabu zake zilikuwa safi na majibu yake yote yalikuwa makosa, na Novemba inakuja. Mwalimu alikuja dukani kwangu mwenyewe, akasema kwa huzuni, "Mama Shadia, huyu mwanafunzi ni hodari na atafeli."

Mwalimu akaamua kumwonyesha kwa macho. Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, tukatoka hadi nje ya mji, pale lami ilipo tambarare. Pasikali na baiskeli yake akawekwa upande wa Kibondo, Mwalimu na baiskeli ya kuazima akawekwa upande wa Kasulu. Divine akasimama kati. Mimi nikapewa simu ya kupimia muda na kivuli cha mwavuli wangu mwenyewe. Amri ilikuwa moja: wakikutana, wapitane.

Nikapiga kelele, "Haya!" Wakaja. Wakakaribiana. Pasikali akashika breki, akateremka, akaegemeza baiskeli, akapiga makofi. "Mwakeye, Mwalimu?"

Walikuwa wameachana dakika kumi zilizopita! Mwalimu akamtazama kwa hasira, lakini makofi ya mtu hayaachwi hewani. "Mwakeye neza," akajibu, naye akateremka. Wakaulizana mvua, mihogo, na shangazi wa Mwalimu aliyelazwa hospitali ya Kabanga. Mimi saa yangu inakwenda tu.

Mara ya pili Pasikali aliapa. Akaja ameuma midomo, kichwa ameinamisha, uso umemkunjamana kama mtu anayeng'olewa jino. Akapita! Divine akaruka juu. Lakini Mwalimu, alipouona uso ule, akafunga breki mwenyewe akageuka. "Pasikali! Vipi, unaumwa?"

"Oya, Mwalimu, niko salama!"

"Na nyumbani?"

Nilikaa chini barabarani. Nilicheka mpaka mwavuli ukanitoka.

Mara ya tatu waliweza. Kila mmoja aligeuza uso upande wake, Pasikali akitazama migomba, Mwalimu akitazama mawingu, wakapitana kama upepo na upepo. Na wakati huohuo, kutoka kanisani, anatokea nani? Bibi Niyonsaba, na kitenge chake cha Jumapili. Akamwona mwanawe na mwalimu wa mkwewe wanapitana njiani, kila mmoja amegeuza uso. Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yeee! Pasikali! Umemkosea nini Mwalimu?"

Tulimweleza. Divine alieleza, Mwalimu alieleza, mimi nilieleza kwa Kiswahili cha Ujiji, akazidi kuchanganyikiwa. Bibi alisimama katikati ya lami akasema hajawahi kusikia watu wazima wanafundishana kununiana, na kwamba mtu mwenye ugomvi ndiye anayekana ugomvi. Akatupeleka nyumbani sote kama mbuzi. Pasikali na Mwalimu wakaketishwa wanatazamana, ukaja mtungi wa pombe ya ndizi na mrija mmoja, mimi nikapewa chai yangu, na kila mmoja akatakiwa ataje kosa lake ndipo anywe. Mwalimu Melkiadi, na elimu yake yote, akakohoa akasema, "Mimi nimempita ndugu yangu kwa kasi ya mita tano kwa sekunde." Pasikali akasema, "Nami nimempita kwa mita nne." Bibi akatikisa kichwa, akasema yote ni mabaya, akawaombea, wakanywa.

Divine alikuwa amekaa mlangoni, anacheka, anafuta macho. Mara akasema, "Mwalimu, sisi hatuna kosa. Kosa ni kuweka watu kwenye swali."

Mwalimu, ambaye kufikia hapo alikuwa amepatanishwa vya kutosha, akasema, "Hao si watu, Mama Ange. Ni nukta. Swali limechukua mwendo wao tu, watu wenyewe limewaacha nyumbani."

Kesho yake nilipofungua duka nilimkuta keshafika. Akatandaza tepu ya kupimia kwenye meza yangu ya vitambaa, akatoa vifungo viwili kwenye kopo lake, cheusi na cheupe. Cheusi akakiweka kwenye sifuri, cheupe kwenye mia. "Hii ni Kibondo," akasema, "na hii Kasulu. Kifungo hakina mama. Hakina mihogo. Hakina shangazi Kabanga." Saa ya kwanza, cheusi kikasogea kumi na tano, cheupe kumi. Saa ya pili, tena. Saa ya nne vikagusana kwenye sitini. Akavisukuma tena, cheusi kikaendelea mbele, cheupe kikaendelea mbele, na Divine akapiga yowe lililomtoa muuza dagaa kwenye kibanda chake. "Vimepita, Mama Shadia! Tazama! Havikusema kitu!"

Jamani, furaha ya siku ile! Kuanzia hapo watu wote wa kwenye maswali aliwavua ubinadamu wao akawavika vifungo. Lori likawa kifungo cha koti. Mtu anayekimbia akawa kifungo cha shati la mtoto. Jiwe linalodondoka kutoka mnarani lilidondoka kwenye tepu niliyoishikilia mimi, nimesimama juu ya kiti, mteja ananingoja chini na kitenge mkononi. Wateja wenyewe wakaanza kuulizia kifungo kimefika wapi. Kuna mama alikuja kununua kanga moja akakaa mpaka Adhuhuri kwa sababu hakutaka kuondoka kabla lori halijafunga breki. Mwalimu alipiga alama za vema mpaka kalamu ikamwishia. Penye nia pana njia, walisema, na njia yetu ilikuwa ya sentimita mia na hamsini.

Novemba ikafika. Siku ya mtihani nilifunga duka, jambo ambalo sikulifanya hata harusi ya shemeji, nikaenda kumngoja chini ya ukuta wa shule. Alitoka saa saba, ameishika blauzi yake kifuani kwa mkono mmoja. Nikaruka. "Umefanywa nini?"

"Tepu walininyang'anya mlangoni," akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Nikasema sawa, nimeshazoea, nitaona akilini. Swali la nne, Mama Shadia, ni mama na binti yake. Mama anatoka upande huu, binti anatoka upande ule, wanatembea. Kila mmoja atafika mwisho saa ngapi. Mama na mtoto wake wa kumzaa! Wapitane bila hata kushikana mkono!"

"Ukafanyaje?"

"Nililia kwanza. Nikamwona Ange anakuja na mimi nampita. Mkono ulikataa kuandika. Basi nikang'oa." Akaondoa mkono kifuani, nikaona nyuzi mbili zinaning'inia mahali pa vifungo. Alikuwa amevitembeza kwenye rula, msimamizi amesimama juu yake anashangaa, akaangalia vifungo, akaangalia blauzi, akageuka akaenda zake. "Nikawaacha wapite," Divine akasema. "Niliwaomba radhi, nikawaacha wapite. Lakini sijui kama nimepata."

Desemba yote hakujua. Alishona sare za shule kimya kimya, na mimi niliyekuwa nikimwomba anyamaze nikawa namwuliza kasi ya hiki na kasi ya kile, ili nimsikie tu. Sista alipita mara moja kuchukua koti, hakuuliza kitu. Kuna mwingine alikuwa ameshaulizia ile nafasi. Niliomba dua kwa ajili ya somo nisilolijua, na kama kuna aliyewahi kuomba D kwa machozi, basi tuko wawili.

Matokeo yalitoka Januari, siku ya soko, barabara imejaa ndizi. Divine alinitupia simu kama inamuunguza. "Soma wewe. Mimi siwezi." Mtandao ukazunguka, ukazunguka, nami nikautukana kwa Kiha na Kimanyema. Ukafunguka. Nikatafuta namba yake kwa kidole. Nikaisoma mara mbili, maana macho yangu si ya kuaminiwa.

"Fizikia," nikasema. "Divine. Umepata C."

Yule mtu mwembamba kama mwiko akanikumbatia kiunoni, akaninyanyua. Mimi! Miguu yangu iliondoka kwenye baraza, kandambili moja ikadondoka, soko zima likageuka.

"Niweke chini!"

"Kazi ni nguvu mara umbali!" akapiga kelele. "Umbali robo mita! Nipe kilo, Mama Shadia, nipe kilo zako nipate jibu!"

Kilo zangu, hata Nurudini mume wangu hazijui. Wauguzi wakinipandisha kwenye mizani huwaambia mizani yao mbovu. Lakini nilikuwa hewani, na Divine analia shingoni kwangu, na jibu lake lilikuwa linanisubiri mimi. Nikapiga kelele hadi kwa wauza dagaa: "Tisini na mbili!"

"Jouli mia mbili thelathini!" akaitikia. "Mia mbili thelathini, Mama Shadia!" Wauza nyanya wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Mimi nilijua. Nilijua pia kwamba chuo kinafungua muhula mwezi unaofuata, na Kasulu si hapa barazani. Mikono yake ikaanza kulegea kwa uzito wangu.

"Usiniweke chini kwanza," nikamwambia.